Nyumba Moja, Wageni Wawili: Majina ya Ugeni katika Riwaya ya Petit Pays na Wajibu wa Kiswahili cha Jumuiya

Ikisiri

Makala haya yanahakiki riwaya ya Petit Pays (2016) ya Gaël Faye, yenye mandhari ya Bujumbura ya miaka ya 1990, kwa kuchunguza majina wanayopewa watu wanaoishi nje ya nchi zao. Inadaiwa kwamba tofauti baina ya mtu anayeitwa expatrié na yule anayeitwa mhamiaji au mkimbizi haitokani na umbali wa safari, aina ya kazi wala muda wa kukaa ugenini. Inatokana na swali la nani atakuja kumchukua mtu huyo mambo yakiharibika. Riwaya inalidhihirisha jambo hili kupitia ndoa ya Michel na Yvonne, lakini inawaacha wageni wengine wa jiji bila jina, na mwishoni inaligeuza suala la haki kuwa suala la kumbukumbu. Makala yanahitimisha kwa kueleza uhakiki huo una maana gani kwa Kiswahili kinapoandaliwa kuwa lugha ya nyaraka za Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Petit Pays ilichapishwa na Grasset mwaka 2016, na mwaka huohuo ikapata tuzo ya Goncourt inayotolewa na wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa. Mwandishi wake alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, mama yake akiwa Mnyarwanda na baba yake Mfaransa, kisha akahamia Ufaransa mwaka 1995. Msimulizi wa riwaya, Gabriel, ni mtoto wa wazazi wa asili hizohizo. Anaishi pamoja na dada yake Ana katika kichochoro cha mtaa wa Kinanira, ambako miembe, magari na vijakazi vinaashiria hali ya maisha ya familia yake kabla vita havijabisha hodi.

Riwaya hii imezoeleka kusomwa kama simulizi ya utoto uliokatishwa na mauaji ya kimbari. Usomaji huo hauna kosa, lakini unaifanya nyumba ya Kinanira kuwa pambo la utoto tu, ilhali ndani yake kuna mgogoro wa kijamii ulioanza kabla ya risasi ya kwanza. Wazazi wote wawili wa Gabriel ni wageni Burundi. Wote walivuka mpaka, wote wameishi humo miaka mingi, na hakuna kati yao aliyezaliwa humo. Hata hivyo, Bujumbura nzima inajua kwamba mmoja wao ni expatrié na mwingine ni mkimbizi. Swali la makala haya ni jepesi kuuliza: ni nini hasa kinachowatenganisha?

2.0 Majina na Mahali pa Kusimama

Jibu linaanzia katika maumbo ya maneno yenyewe. Neno la Kifaransa expatrié, ambalo ndilo linalotumika sana katika ofisi na mashirika ya Bujumbura, limejengwa kwa kiambishi chenye maana ya kutoka nje, kikiunganishwa na neno la nchi ya baba. Immigré, kwa upande wake, limejengwa kwa kiambishi cha kuingia ndani. La kwanza humtazama msafiri kutoka kule alikoondoka. La pili humtazama kutoka pale alipofika. Anayeitwa expatrié anaendelea kuhesabiwa na nchi yake kuwa mtu wake aliyeko nje kwa muda, hata kama muda huo umefika miaka ishirini. Anayeitwa immigré anahesabiwa na wenyeji kuwa mtu aliyeingia, na swali linaloning'inia juu yake ni lini atatoka.

Katika utaratibu wa hifadhi ya jamii wa Ufaransa, expatrié ni hata istilahi ya kiutawala inayohusu mfanyakazi aliyeajiriwa nje ya nchi, ikitofautishwa na ile ya mfanyakazi aliyetumwa nje kwa muda na mwajiri wake. Jina hili basi si sifa ya heshima peke yake. Nyuma yake kuna mikataba, bima na ubalozi.

Kiswahili kimepanga mambo kwa namna nyingine. Kitenzi hama hutoa nomino mhamaji, ambayo kwa kawaida humtaja mfugaji au mtu asiyekaa mahali pamoja. Kauli ya kutendea, hamia, ndiyo inayotoa mhamiaji, yaani aliyehama akaja mahali fulani. Hivyo kwa umbo lake mhamiaji ni jina linalotolewa na mwenyeji aliyesimama mlangoni. Mkimbizi nalo limetokana na kimbia bila kauli ya kutendea: halisemi mtu amekimbilia wapi, bali linamfunga kwenye tendo la kukimbia, hata akiwa ameketi miaka thelathini. Kiswahili hakina neno moja la asili linalomtazama msafiri kwa jicho la nchi aliyoiacha na kumpa hadhi kwa sababu hiyo. Pengo hilo si upungufu, na sehemu ya sita itaonesha kwa nini halifai kuzibwa kwa haraka.

3.0 Michel na Yvonne

Michel anatoka katika milima ya Jura. Alifika Afrika akiwa kijana, kwa ajili ya utumishi wa kiraia, akapapenda, akabaki. Ana kazi, wafanyakazi na marafiki, akiwemo Jacques, Mbelgiji anayeishi Bukavu ambaye mazungumzo yake yanaonesha jinsi dharau ya kikoloni ilivyoweza kuishi bila koloni. Yvonne aliletwa Burundi akiwa mtoto mdogo, familia yake ikikimbia mauaji dhidi ya Watutsi nchini Rwanda. Ndugu zake wanaishi Ngagara, katika nyumba za OCAF zilizojengwa na Wabelgiji kwa ajili ya Waafrika, na kaka yake mdogo Pacifique anaota kurudi Rwanda kwa mtutu wa bunduki.

Mgogoro wa wawili hawa unafikia kilele pale Yvonne anapotaka familia ihamie Ufaransa na Michel anapokataa. Katika majibizano hayo Faye anamweka kila mmoja mbele ya mandhari ileile. Anachokiona Michel ni uzuri wa vilima na ziwa. Anachokiona Yvonne ni ufukara wa wanaoishi juu ya vilima hivyo na hatari iliyojificha chini ya maji. Michel aliiacha amani akatafute vituko; Yvonne hajawahi kuwa na amani ya kuiacha. Hapa ndipo riwaya inapofikia ukweli wake mkubwa. Kupenda nchi ya watu kwa moyo mweupe, bila hofu, ni jambo linalohitaji mtu awe na mahali pengine pa kurudi. Mapenzi ya Michel kwa Burundi ni ya kweli, na msimulizi hayabezi. Lakini yanasimama juu ya pasipoti ambayo Michel mwenyewe haioni, kama mtu asivyouona msingi wa nyumba anayolala.

Ubora wa onyesho hili ni kwamba Faye hamfanyi Michel kuwa mwovu wala Yvonne kuwa malaika. Yvonne naye anatazama Ulaya kwa macho ya mtu asiyeijua. Kila mmoja anasema ukweli wa jina alilopewa, na ndoa inavunjika kwa sababu majina hayo mawili hayawezi kutazama kesho moja.

4.0 Wasiopewa Jina

Nguvu ya ulinganisho huo, hata hivyo, inaficha upungufu. Riwaya inapowaweka Michel na Yvonne katikati, inamfanya msomaji aamini kwamba ugeni wa Bujumbura una sura mbili tu: Mzungu mwenye raha na mkimbizi mwenye hofu. Kumbe pembeni yao yupo Donatien, Mzaire, msimamizi wa kazi za Michel na mtumishi wake wa miaka mingi. Kwa tafsiri yoyote ya kamusi, Donatien ni expatrié kamili: ana ujuzi, ana ajira, na anaishi nje ya nchi yake kwa sababu ya ajira hiyo. Hakuna mhusika yeyote anayemwona hivyo. Michel na Donatien ni wageni wawili waliovuka mpaka kufanya kazi moja. Mmoja anaitwa bwana, mwingine anaitwa Mzaire.

Inaweza kujibiwa kwamba msimulizi ni mtoto, na mtoto huona anachooneshwa. Jibu hilo linatosha kwa sehemu tu. Gabriel anayesimulia ni mtu mzima anayeishi Ufaransa na anayeukosoa utoto wake katika mambo mengine, hasa ujinga wake kuhusu Uhutu na Ututsi. Katika onyesho la baiskeli iliyoibwa, ambamo Donatien na dereva Innocent wanahitilafiana kuhusu kuinyang'anya familia maskini iliyoinunua, msimulizi anajifunza aibu ya tabaka. Aibu ya majina haimfikii.

Bujumbura halisi ina wageni wa aina hiyo wengi zaidi. Buyenzi ni mtaa uliokuzwa na watu waliokuja na Kiswahili chao kutoka Tanganyika na Kongo ya mashariki: askari, wachukuzi, mafundi na wafanyabiashara. Wajukuu wao wamezaliwa na kuzikwa Bujumbura, lakini neno umuswahili katika Kirundi limebeba kwa muda mrefu kivuli cha ujanja na kutoaminika. Wapo pia watu wenye asili ya Oman, karibu elfu moja kwa hesabu za UNHCR, ambao familia zao zimekaa Burundi kwa vizazi na ambao wamejikuta hawana utaifa wowote. Hawa hawawezi kuitwa expatrié kwa kuwa hakuna nchi inayowahesabu kuwa watu wake walioko nje. Hawawezi kuitwa wahamiaji kwa kuwa hawakuhamia, walizaliwa hapo. Wala si wakimbizi, kwa kuwa hawakumkimbia mtu. Wao ndio wanaoonesha wazi kwamba majina haya hayapimi safari. Mtu anaweza kutosafiri kabisa na bado akawa mgeni.

5.0 Siku ya Kuondoka

Kipimo halisi cha majina hujitokeza siku ya hatari. Mwezi wa Aprili 1994, baada ya ndege iliyowabeba marais Juvénal Habyarimana na Cyprien Ntaryamira kudunguliwa, Ufaransa iliendesha Operesheni Amaryllis kuwahamisha raia wake na wageni wengine kutoka Kigali. Watumishi wa Kinyarwanda wa ubalozi wa Ufaransa, Watutsi wengi miongoni mwao, waliachwa. Siku ile tofauti iliyokuwa ikionekana kama suala la adabu ya lugha iligeuka kuwa orodha ya watakaopanda gari na watakaobaki.

Petit Pays inaurudia mpango huo ndani ya familia moja. Gabriel na Ana, kwa kuwa ni watoto wa Mfaransa, wanapelekwa Ufaransa na kupokelewa na familia ya malezi. Michel anaamua kubaki, na siku chache baadaye anauawa katika shambulio la kuvizia. Yvonne, aliyekwenda Rwanda na kurudi akiwa amevunjika kwa yale aliyoyakuta, anapotea. Vifo na hasara havikumbagua mtu. Kilichobagua ni uchaguzi. Michel alikufa mahali alipochagua kubaki. Yvonne aliangamia kwa kuwa hakuwa na mahali pengine. Hii ndiyo tofauti ya msingi ambayo majina huificha: expatrié ni mtu ambaye kukaa kwake ni hiari hadi dakika ya mwisho.

Ni katika hitimisho lake ndipo riwaya inapolegea. Gabriel aliyekomaa, raia wa Ufaransa kwa sheria, bado anaulizwa na wenzake asili yake ni wapi. Alitoka nyumba ya expatrié akaingia nchi ya baba yake kama mtu wa kuhojiwa. Hapo ndipo Faye angeweza kuyafunga mafundo yote: mwana wa expatrié hawezi kuwa expatrié kwa kuelekea kaskazini. Badala yake msimulizi anaamua kwamba uhamisho wake haukuwa wa nchi bali wa utoto. Wazo hili ni zuri kwa sikio, na limewapendeza wasomaji wengi, lakini linalainisha jambo lililokuwa gumu. Kila binadamu amefukuzwa utotoni mwake, Michel na Jacques wakiwemo. Ugeni ukishafanywa hali ya watu wote, hakuna tena sababu ya kuuliza kwa nini Yvonne hakuwa na ndege. Riwaya yenyewe inaukataa ulaini huo katika ukurasa unaomrudisha Gabriel kichochoroni baada ya miaka ishirini, akamkuta mama yake kilabuni, angali anaongea na waliokufa. Mama huyo hakuondokewa na utoto wake pekee. Aliondokewa na kila nchi.

6.0 Kiswahili na Mlango wa Jumuiya

Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inatambua haki ya raia wa nchi wanachama kusafiri, kufanya kazi na kukaa katika nchi nyingine za Jumuiya. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga mwaka 2022. Kwa hiyo Donatien wa leo akija Bujumbura anakuja kwa mlango wa Itifaki. Kiswahili nacho kinapandishwa kutoka lugha ya mawasiliano ya watu hadi lugha ya nyaraka. Kila neno la ugeni litakaloingia katika tafsiri rasmi litaamua foleni ya mtu pale forodhani.

Kiswahili hakina mikono mitupu wala misafi. Methali inayosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe ina falsafa kamili ya uhamiaji: ugeni una mwisho, na unaumaliza kwa kazi. Anayeshika jembe la wenyeji si mgeni tena. Neno mlowezi, kutoka lowea, liliwataja kwa ukali Wazungu waliokuja wakakaa na kutwaa ardhi. Siku hizi halitumiki kwa wanaokuja na mikataba. Hao ni wataalamu wa kigeni, washauri au wawekezaji. Wakati huohuo mhamiaji limeshikamana na haramu. Mwaka 2013, Tanzania ilipoendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, walioondolewa kwa jina la wahamiaji haramu walikuwemo watu wenye asili ya Burundi na Rwanda waliokuwa wameishi huko kwa miongo. Jembe walikuwa wamelishika zamani. Neno haramu, ambalo kwa asili yake hukihukumu kitu au tendo, liliwekwa juu ya nafsi ya mtu.

Upo pia mfano mwema. Sheria ya Tanzania ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inatumia jina moja, mgeni, kwa daktari bingwa na kwa kibarua, awe ametoka Bruxelles au Gitega. Masharti ya vibali yanaweza kutofautiana, lakini jina halimtangulizi mtu kwa heshima wala kwa dhana mbaya. Vivyo hivyo, nchi hiyohiyo iliwapa uraia zaidi ya watu 160,000 waliotoka Burundi mwaka 1972 na wazao wao, waliokuwa wakiishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na hivyo neno mkimbizi likapata mwisho wake wa kisheria.

Tahadhari moja ni ya lazima. Kusawazisha majina si kuyafuta yote. Liisa Malkki, katika utafiti wake wa miaka ya 1980 uliochapishwa mwaka 1995, alionesha kwamba Warundi wa kambi ya Mishamo walilishikilia jina la mkimbizi kwa kuwa lilihifadhi historia na dai lao la kurudi, ilhali wenzao wa mji wa Kigoma walilikwepa na kujichanganya na wenyeji. Kwa kundi la kwanza jina lilikuwa ngao. Kwa la pili, kikwazo. Aidha, Mkataba wa Kimataifa wa mwaka 1951 na ule wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 huwapa wakimbizi ulinzi usioweza kudaiwa bila jina. Mkimbizi basi ni istilahi ya haki na ibaki hivyo, mradi isigeuzwe kuwa ukoo.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba Petit Pays inafaulu inapowatazama Michel na Yvonne kama watu wawili waliovuka mpaka wakapewa majina mawili, na inapungukiwa inapomwacha Donatien nje ya hesabu hiyo na inapouhamishia ugeni utotoni. Kutokana na usomaji huo, mambo matatu yanapendekezwa kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na kwa watafsiri wa nyaraka za Jumuiya.

Kwanza, lisitafutwe neno maalumu la Kiswahili kwa expatrié. Mfanyakazi mgeni latosha kwa kila aliyeajiriwa nje ya nchi yake, na mtaalamu litumike kutaja ujuzi, wala lisitumike kutaja asili. Pili, sifa ya haramu iondolewe kwenye jina la mtu katika nyaraka zote, na mahali pake pasemwe waziwazi kilichopungua: anayeishi bila kibali, aliyeingia bila hati. Tatu, mkimbizi liandamane daima na masharti ya kukoma kwake, na wasio na utaifa watajwe kwa jina lao katika kila chombo kinachozungumzia haki ya kukaa, ili wasipotee kati ya safu mbili za fomu.

Mapendekezo haya hayatampa mtu pasipoti. Lugha haina ndege ya kumtuma mtu kuchukuliwa. Lakini karani wa mpakani huanza kazi yake kwa kuchagua neno, na mengi yanayofuata hutegemea neno hilo. Watu wa Buyenzi, wa Ngagara na wa Kinanira wanakuja kwenye dirisha lilelile. Kiswahili kinachoandikwa sasa ndicho kitakachoamua kama wataulizwa swali lilelile.